Kijani haimaanishi umemaliza: kusoma mwongozo wa DHIS2 kwa jicho la mhakiki

Kuna maandishi ambayo sisi wapenzi wa fasihi tunayapita kama tunavyopita kibao cha "Usitupe taka hapa". Tunayasoma tukibanwa na shida, tunayalaani yakitushinda, basi. Nazungumzia maelekezo: kile kikaratasi kilichokunjwa mara nane ndani ya boksi la dawa, stika iliyoko nyuma ya jokofu, na siku hizi zile kurasa ndefu zinazoeleza namna ya kutumia programu za kompyuta. Kwa wiki tatu nimekuwa nikisoma kurasa za aina hiyo, na leo nataka kuzihakiki kama ambavyo ningehakiki riwaya. Anayedhani nimeishiwa vitabu anisubiri mwezi ujao, nitarudi kwenye ushairi.

Andiko lenyewe ni mwongozo wa mtumiaji wa DHIS2. Hii ni programu huria ya kutunza takwimu za afya. Mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, nchi ilipokuwa inajijenga upya baada ya ubaguzi wa rangi na kuhitaji kujua nani anaugua nini na wapi. Leo inatunzwa na kituo cha HISP cha Chuo Kikuu cha Oslo, kule Norway, na inatumika katika nchi zaidi ya 70. Kwetu Tanzania kazi ya kuijenga na kuisambaza ilipita mikononi mwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sasa ndiyo inayopokea takwimu za MTUHA nchi nzima.

Kwa msomaji aliyeko Mombasa au Muscat ambaye hajui MTUHA: ni ule mfumo wa madaftari makubwa unayoyaona mezani kwenye zahanati yoyote ya Tanzania. Mama mjamzito akifika kliniki anaandikwa kitabu namba 6, mtoto namba 7, anayejifungua namba 12. Mwezi ukiisha, mistari inahesabiwa kwa mkono, jumla inahamishiwa kwenye fomu, na fomu inaingizwa kwenye kompyuta, hapohapo kituoni kama vifaa vipo, au wilayani kama havipo. Kuanzia hapo namba inasafiri mpaka Dodoma.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Songea, wala si mtu wa kompyuta. Nilichokuja kukisoma kwanza hakikuwa mwongozo. Kilikuwa karatasi. Shemeji yangu ni muuguzi kwenye kituo kimoja cha afya nje ya mji, na juu ya kompyuta wanayoingizia takwimu amebandika karatasi ya daftari kwa plasta nyeupe ya kufungia vidonda. Ina mistari kumi na mmoja ya kalamu ya bluu, na miwili imepigiwa mstari kwa nyekundu. Nilipiga picha, nikaenda kuisoma nyumbani, halafu nikaingia mtandaoni kutafuta mwongozo rasmi ili nione karatasi hii imetokana na nini. Haikutokana na chochote. Ameiandika mwenyewe, kutokana na miezi ya kupigiwa simu na kuambiwa kuna kitu hakijakaa sawa.

Sasa tuna maandiko mawili juu ya kazi moja, na hapo mhakiki anapata pa kuanzia.

Niseme haki kwanza. Mwongozo wa DHIS2, kama maandishi ya Kiingereza, si mbaya hata kidogo. Umepangwa kwa wasomaji wake: kuna sehemu ya wanaotumia, ya wanaoweka mfumo kwa niaba ya nchi, ya wanaoandika msimbo, na ya wanaotunza seva. Hauna majigambo ya kibiashara. Hausemi "furahia uzoefu wa kipekee". Sentensi zake ni fupi na picha zipo. Ukiulinganisha na maelekezo ya simu za bei nafuu tunazouziwa, huu ni ushairi.

Shida yake ni sauti. Mwongozo unaongea kama mtu aliyekaa juu ya mnara. Unakwambia uchague "organisation unit", halafu "data set", halafu "period". Muuguzi hana vitu hivyo. Ana kituo, ana fomu, ana mwezi. Vitu ni vilevile vitatu, lakini majina yametolewa kwa mtu anayeviona vyote kwa mbali, na si kwa mtu aliyekaa ndani ya kimojawapo.

Na sababu ya majina hayo ni ya msingi, si kiburi. Programu inayotumika kwenye nchi zaidi ya 70 haiwezi kuita zahanati "zahanati", maana kwingine kitu hichohicho ni shule, au kata, au mkoa mzima. Haiwezi kusema "mwezi" kwa sababu wengine wanatoa taarifa kila wiki. Kila neno limepanuliwa mpaka lienee watu wote, kama kanzu ya kushonea ukoo mzima: inamwingia kila mtu na haimkai mtu yeyote. Hii ndiyo hali ya programu huria nyingi. Aliyeandika msimbo ndiye aliyeita vitu majina, na aliviita kwa namna vinavyokaa ndani ya mashine.

Karatasi ya shemeji inaanza hivi, na naandika kwa ruhusa yake: "Chagua kituo chetu. Chagua fomu. Chagua mwezi uliopita, sio huu." Angalia hilo "sio huu". Mhariri wa Oslo asingeliandika, kwa sababu kwake mwezi wowote ni mwezi. Lakini anayeingiza takwimu za Machi anakuwa amekaa mezani mwanzoni mwa Aprili, na mkono wake wenyewe unaelekea Aprili. Maneno mawili tu, na ndani yake kuna msomaji anayejulikana, saa anayosoma, na kosa analokaribia kulifanya. Kwenye riwaya tungesema mwandishi anamjua mhusika wake.

Halafu inakuja mistari miwili ya wino mwekundu. Wa kwanza: "Kijani haimaanishi umemaliza."

Maelezo kidogo. Kwenye ukurasa wa kuingiza takwimu, ukiandika namba na kuhama kwenye kisanduku, kisanduku kinageuka kijani. Maana yake namba hiyo imehifadhiwa. Ukimaliza vyote, ukurasa mzima unapendeza kama shamba la mahindi mwezi wa Februari. Kibinadamu, umemaliza. Lakini mfumo hauhesabu rangi. Ili fomu yako ihesabiwe kuwa imewasilishwa, kuna kitufe cha kubonyeza mwishoni, Complete. Usipokibonyeza, namba zako zote zipo, lakini kwenye jedwali la wilaya linaloonyesha vituo vilivyotoa taarifa, kituo chako ni mtoro. Namba zimefika, wewe hujafika.

Mwongozo rasmi unalisema jambo hili. Sijasema umeficha. Unalisema kwa sentensi ya kawaida, baada ya maelezo ya kujaza visanduku, kwa sauti ileile iliyotumika kueleza namna ya kuhama kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Na hapo ndipo nina ugomvi nao wa kifasihi kabisa. Maandishi mazuri yanajua kipi kizito na kipi chepesi, na uzito unaonekana kwenye mpangilio: kitu kinachomponza mtu kinakuja mapema, kinasimama peke yake, kinarudiwa. Mwongozo wa DHIS2, kama miongozo mingi ya programu, una mdundo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kila kitufe kimepewa haki sawa. Usawa huo ni mzuri kwa kamusi. Kwa mtu mwenye foleni ya akina mama mlangoni, ni sawa na kumsomea kitabu cha simu.

Mstari wa pili mwekundu: "Hakuna aliyekuja = andika 0. Usiruke."

Huu ndio ulionikalisha chini. Mtu anayesoma mashairi anajua kwamba ukimya una maana yake. Kisanduku chenye sifuri kinasema: tulikuwepo, tulihesabu, hakuna mtoto aliyefariki mwezi huu. Kisanduku kitupu hakisemi kitu; pengine hakuna aliyefariki, pengine hakuna aliyehesabu. Ni tofauti kati ya habari njema na kutokuwa na habari. Shemeji ameielewa tofauti hiyo na ameilinda kwa maneno manne.

Lakini kumbe kuna safu nyingine chini yake, na niliipata nikiwa nimeshapotea kwenye kurasa zisizonihusu. DHIS2, ukiiacha kama ilivyokuja, haitunzi sifuri. Inaiona ni mzigo usio na faida kwenye hifadhi. Wasimamizi wa mfumo wa nchi ndio wanaoamua, kwa kila kipengele cha takwimu, kama sifuri yake itunzwe au itupwe. Hilo limeelezwa vizuri tu, ila limeelezwa kwenye sehemu ya wanaosanidi mfumo. Anayeandika sifuri yuko kwenye sehemu ya watumiaji. Yaani habari anayoihitaji msomaji mmoja imewekwa kwenye chumba cha msomaji mwingine, na mlango kati ya vyumba hivyo haujatobolewa. Ule mpangilio niliousifia hapo juu, wa kugawa wasomaji kwa makundi, hapa ndipo unapoumiza. Muuguzi anaandika sifuri kwa uaminifu, na mwongozo wake haumwambii kama kuna anayeipokea.

Ningekuwa mhariri wa mwongozo huo, kabla ya kugusa lugha ningeanza na hili: kila uamuzi wa msimamizi unaobadilisha maana ya anachoandika mtu wa chini, uandikwe mara mbili. Mara moja kwa anayeamua, mara moja kwa anayeandika.

Wenzetu wa kompyuta wanapenda kusema maelekezo ni aina nne: somo la kumshika mkono anayeanza, mapishi ya kazi moja mahususi, rejea ya kutazama kama kamusi, na maelezo ya kwa nini. Mgawanyo huu umeenezwa sana na Daniele Procida kwa jina la Diátaxis, na kwa kweli ni uhakiki wa tanzu kama tunaoufanya sisi. Anachosisitiza ni kwamba tanzu zikichanganywa, zote zinaharibika. Ukiutumia mgawanyo huo, mwongozo wa DHIS2 una rejea nzuri, una maelezo ya kutosha, una mapishi ya hapa na pale. Somo la mtu wa zahanati hauna, na hauwezi kuwa nalo, kwa sababu somo hilo lazima lijue kitabu namba 6 ni nini. Somo hilo ni la kuandikwa huku.

Hapa kuna jambo la kufurahisha kwa wanaopenda historia ya tanzu. Mwongozo wa kwanza wa Unix, ulioandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie mwaka 1971, ulikuwa na sehemu kwenye kurasa zake iliyoitwa "BUGS". Baada ya kueleza amri inafanya nini, waliandika mapungufu ya amri hiyo, wazi, kwenye ukurasa huohuo. Si tangazo, si kujitetea. Utaratibu huo ulienea na bado upo. Sijui utanzu mwingine wowote ambao kanuni zake zinamdai mwandishi aungame mwishoni mwa kila sura. Waandishi wetu wa vitabu vya kiada wangejifunza.

Na Kiswahili je? Tuna historia hapa ambayo tunaisahau haraka mno. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika kutoka Sweden, chini ya mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice: programu ya ofisi, huria, menyu zake kwa Kiswahili. Wakubwa wa Marekani nao baadaye wakaleta Kiswahili chao kwenye Windows. Lakini Jambo ilikuwa imeshaonyesha kwamba ukiwa na msimbo ulio wazi huhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kuita vitu kwa lugha yako.

Ubishi wa miaka ile ulikuwa wa maneno. Kompyuta iwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Mouse iwe kipanya au puku? Tulibishana sana, na yaliyoshinda yalishinda kwa sababu yalikuwa na mwili. "Bofya" limeshinda kwa sababu tayari mkono unalijua: ndivyo tunavyofanya kwa embe sokoni, kulibonyeza kidogo kwa kidole kuona kama limeiva. "Pakua" limeshinda kwa sababu limetoka jikoni. Chakula kimeiva chunguni, unakileta kwenye sahani yako. Na "pakia" lilikuwa linasubiri kwenye roli. "Hariri" tulikuwa nalo tayari kwenye magazeti. Lakini "sakinisha" mpaka leo linasimama nje ya mlango. Mafundi wote ninaowajua hapa Majengo na Mfaranyaki wanasema "kuweka programu", na mtu akisema "sakinisha" wanajua ametoka kwenye semina.

Kile ambacho ubishi wa maneno ulitusahaulisha ni sentensi. Unaweza kuwa na istilahi safi elfu moja na bado ukaandika maelekezo yasiyosomeka. Tazama sentensi hii, ambayo nimeitunga mimi kwa kufuata mtindo ninaokutana nao kila siku kwenye miongozo ya Kiswahili: "Baada ya ukamilishaji wa uingizaji wa takwimu katika fomu husika, mtumiaji anatakiwa kuhakikisha kuwa zoezi la uhakiki wa taarifa limefanyika kabla ya uwasilishaji." Kila neno ni Kiswahili fasaha. Hakuna neno la kigeni hata moja. Na hakuna mtu ndani yake. "Ukamilishaji", "uingizaji", "uhakiki", "uwasilishaji": vitenzi vinne vimekaushwa vikawa nomino, kama dagaa. Kitenzi chenye uhai ni "anatakiwa", na anayetakiwa ni "mtumiaji", mtu wa tatu, kana kwamba msomaji anasengenywa.

Kiswahili kina kila kitu cha kuiandika vizuri sentensi hii. Kina amri inayobeba adabu bila kelele: "Ukimaliza kuandika namba, zisome tena ukilinganisha na fomu. Zikilingana, tuma." Kiambishi "-ki-" kinabeba sharti ndani ya kitenzi, wakati wenye Kiingereza wanahitaji maneno mawili matatu. Kina "usi-" ya kukataza. Kina "kwanza" na "halafu". Lugha ya mapishi ya bibi zetu imekamilika kabisa kwa kazi ya kompyuta, ila tukikaa kuandika kitu rasmi tunaivua na kuvaa koti la waraka. Nadhani ni kwa sababu shuleni tunafundisha barua rasmi, hotuba, risala na kumbukumbu za mikutano, na mtoto anatoka akiamini kwamba maandishi ya maana ni yale yasiyo na "wewe".

Hata jina la utanzu linatusumbua. "Nyaraka" linanuka ofisi. "Mwongozo", kwa wasomaji wa blogu hii, ni kile kijitabu ambacho mwanafunzi hukinunua ili asiisome tamthiliya. Mimi nasema "maelekezo" na kuendelea mbele.

Wanaosema Kiswahili hakina jadi ya maelekezo wakumbuke mwaka 1973. Kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwakusanya takriban watu milioni 2 kwenye vikundi vya kusomea, redio ikiwa katikati, kijitabu mkononi, na kiongozi wa kikundi akisoma kwa sauti kwa ajili ya wale wasiojua kusoma. Halafu wakasimama wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Sizungumzii siasa za enzi hizo. Nazungumzia ufundi wa maandishi. Kijitabu kilichoandikwa ili kisomwe kwa sauti mbele ya watu ishirini, ambao baadaye lazima wafanye kitu kwa mikono, hakivumilii "ukamilishaji wa uingizaji". Msomaji wa sauti angekwama, na kikundi kingecheka.

Ningependa kila ukurasa wa maelekezo ya programu upite kwenye kipimo hicho: mmoja asome kwa sauti, mwingine akae kwenye kompyuta afanye, na aliyeandika akae kimya. Akifungua mdomo kueleza, sentensi hiyo imefeli. Nilikijaribu na karatasi ya shemeji, mimi nikiwa kwenye kiti cha muuguzi. Nilikwama mstari wa saba tu: "Mtandao ukikata usizime, endelea." Niliogopa. Nani ana ujasiri wa kuendelea kuandika wakati mtandao umekata? Ila yuko sahihi. Ukurasa ule wanaoutumia wao unatunza namba ndani ya kompyuta yenyewe, na mtandao ukirudi unakukumbusha kuzipandisha. Kwa mkoa kama wetu, ulioingia kwenye gridi ya taifa mwaka 2018 tu, na ambao bado unajua kukatika kwa hiki na kile, uwezo huo unastahili sura nzima. Nimemshauri aongeze maneno mawili: "namba hazipotei". Maelekezo mazuri hayatoi amri tu. Yanamwondolea mtu hofu ya kuitii.

Kuna darasa jingine la kutaja vitu ambalo liko hapahapa, na sijaona mtaalamu wa lugha akilisifu. Nenda duka lolote la pembejeo Songea. Mifuko imeandikwa DAP, UREA, CAN. Mkulima haombi hivyo. Anasema nataka ya kupandia, au nataka ya kukuzia. Kwa maneno hayo mawili, kemia yote imegeuzwa kuwa kalenda: hii unaiweka lini, ile unaiweka lini. Jina lenyewe ndilo maelekezo. Hakuna kamati iliyokaa. Ndiyo maana nasema fomu iitwe fomu na kituo kiitwe kituo, hata kama mashine inaviita vingine, ila kwa sharti moja: pale ambapo jicho litakutana na neno la Kiingereza kwenye skrini, neno hilo liandikwe kama lilivyo, herufi kwa herufi. Kutafsiri kitufe ambacho skrini haijakitafsiri ni kumpoteza msomaji njiani kwa jina la uzalendo.

Najua pingamizi. Mwenzangu wa somo la hesabu aliniambia, "Mwalimu, hao wauguzi wamesoma kwa Kiingereza, wanakijua." Wanakijua, ndiyo. Swali si kukijua. Swali ni saa kumi jioni, mwisho wa zamu, foleni imeisha dakika tano zilizopita, na mtu anasoma sentensi kwa nguvu zilizobaki.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: nani atatunza? Maelekezo yanachacha. Toleo jipya la ukurasa wa kuingiza takwimu limebadilisha sura, na vitufe vimehama na kubadilika maneno. Karatasi ya ukutani haisasishwi na Oslo. Mwaka 2017 GitHub waliwahoji watu wanaoshiriki kwenye miradi huria, na asilimia 93 walisema maelekezo yaliyopitwa na wakati au yasiyokamilika ni tatizo wanalokutana nalo; asilimia 60 ya wachangiaji wakakiri kwamba wao wenyewe ni nadra kuandika maelekezo, au hawaandiki kabisa. Kila mtu analalamikia vyombo vichafu na hakuna anayeosha. Hesabu hiyo ni ya ulimwengu wa Kiingereza wenye watu wengi. Kiswahili kina wangapi?

Lakini hapa ndipo neno "huria" linapata kazi. Wengi hapa mjini wanalijua kupitia Chuo Kikuu Huria, wengine kupitia soko huria, ambalo halikutuachia kumbukumbu tamu sana. Kwenye programu lina maana moja ya wazi: kurasa ninazozihakiki zimewekwa GitHub, kama maandishi ya kawaida, na mtu yeyote anaweza kupendekeza sentensi ibadilishwe. Sijawahi kuhakiki kitabu ambacho mwandishi wake ameniachia kalamu mezani. Nimeshawatumia mapendekezo mawili kwa Kiingereza, moja la kijani na moja la sifuri. Nasubiri. Na somo la Kiswahili tumeanza kuliandika hapa, mimi na shemeji, kwa kufuata karatasi yake mstari kwa mstari.

Tumekwama kwenye neno moja. Kile kitufe cha mwisho, yeye kwenye karatasi ameandika "funga mwezi". Nilipolisoma mara ya kwanza nilisimama. Ni neno la dukani, la kufunga hesabu, na linabeba uchovu na nafuu ya mtu anayevuta komeo jioni. "Kamilisha", ambalo kamusi ingetupa, halina jasho hata tone. Tatizo ni kwamba "funga" linadanganya kidogo. Ukibonyeza pale, namba hazifungwi. Ukigundua kosa kesho, kwa kawaida unaweza kurudi na kurekebisha. Nikamwambia mtu akisoma "funga" ataogopa kugusa tena, na kosa litabaki.

Akanijibu, "Shemeji, duka likifungwa si linafunguliwa?"

Kwa sasa rasimu inasema: "Funga mwezi. Ukiona kosa baadaye, fungua, rekebisha, funga tena." Nikipima kwa sikio, inasomeka. Kama kuna msomaji wa blogu hii anayeingiza takwimu huko Tunduru, Kigoma au Pemba, atusomee kwa sauti na atuambie alikwama wapi.